Ua Lisilotaka Maji Mengi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa mwaka wa Umoja wetu, kwenye bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, alipendekeza nieleze habari za utumishi serikalini na namna kijana anavyoweza kujiandaa kwa kazi hiyo. Nilimjibu kwamba juu ya mafaili wako humu ndani watu wanaojua kuliko mimi, na wale wasiojua nitawachosha bure baada ya chakula kizuri namna hii. Nikamwomba ruhusa niseme juu ya ua. Alicheka, lakini ruhusa akanipa. Namshukuru.

Ua ninalotaka kulizungumzia ni dogo. Halipandi juu kupita kiganja cha mkono uliosimamishwa. Sentimita 10 hadi 15 basi. Badala ya kupanda juu hutambaa, na shina moja likipata jua na mahali pa kupenda huweza kufunika nusu mita ya ardhi na zaidi, majani yakibanana kama nyuzi za mkeka. Majani yake ni manene, yamejaa maji, na ukiyatazama kwa karibu utaona vipovu vidogo mno vinavyong'aa juani kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi ya mawe. Maua yake ni ya zambarau iliyokoza, katikati meupe, upana wake kama sentimita 5. Hufunguka jua linapowaka, na jioni hufumba. Siku ya mawingu hayajisumbui.

Wanafunzi wa miaka ya tisini mmekwisha kulitambua. Ndilo lile la Mwalimu wetu wa Biolojia, kwenye mteremko ule wa mawe kati ya bwalo hili na bweni la chini. Yeye aliliita ua-mkeka, nasi tukaliita hivyo. Jina lake la kitaalamu ni Delosperma cooperi. Kwao ni kusini mwa bara letu, katika nchi ya Afrika Kusini na Lesotho, kwenye miinuko yenye mawe. Cooper ni jina la Thomas Cooper, Mwingereza aliyezunguka Afrika Kusini kati ya mwaka 1859 na 1862 akikusanya mimea. Na Delosperma ni jina lililotungwa mwaka 1925 na mtaalamu wa mimea N. E. Brown, ambaye, kama mambo yanavyokwenda duniani, alikuwa amemwoa binti wa huyo Cooper. Maana yake kwa Kigiriki ni mbegu iliyo dhahiri, mbegu isiyofichwa. Kwa nini iliitwa hivyo nitaeleza baadaye, na mtaona kwamba jina hilo linanihusu mimi kuliko ninavyopenda.

Lakini kwanza nieleze jinsi bustani ile ilivyokuwa.

Hapa petu, kama mjuavyo, mvua huanza Novemba na huendelea hadi Mei. Tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 1993, mteremko ule ulikuwa kidonda. Maji ya paa la bwalo yalishuka moja kwa moja, yakachimba mfereji uliokuwa ukikaribia msingi wa bweni. Mwalimu hakusubiri fedha kutoka popote. Alitumia kitu ambacho shule ilikuwa nacho kwa wingi, yaani wakosaji. Kila mwanafunzi aliyechelewa namba au kukutwa mjini bila ruhusa alibeba mawe kutoka kule mtoni. Mimi binafsi naamini mawe kama arobaini ya mteremko ule ni yangu.

Mawe hayo hakuyatupa ovyo. Kwanza alichimba makinga maji mawili juu, yakapeleka maji ya paa pembeni kwenye majani. Ndipo akapanga mawe kwa safu, kila jiwe theluthi yake ikizikwa ardhini na kichwa chake kikilalia upande wa mlima, ili mvua isilisukume. Katikati ya mawe aliweka mchanga mnene wa mto na kokoto, na udongo kidogo tu. Tulimwambia, "Mwalimu, hapa hapaoti kitu." Akajibu, "Hapaoti mahindi." Akapanda vipande vya ua-mkeka. Mwaka wa pili mteremko mzima ulikuwa zambarau, na wageni waliokuja siku ya mahafali walipigia picha pale badala ya kwenye bendera.

Sasa, wadogo zangu, sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye hotuba yenyewe.

Mwezi wa Februari mwaka 1995, nilipokuwa kidato cha tatu, Mwalimu alisafiri kwa majuma matatu kwenda kuuguza. Bustani aliikabidhi kwa kiranja wa mazingira, kijana mwenzetu wa darasa langu, rafiki yangu wa meza moja. Agizo lake lilikuwa fupi. Wakati wa mvua mteremko usimwagiliwe hata kopo moja. Kazi ni kuondoa magugu na kuokota majani yaliyooza. Kiranja alitueleza agizo hilo tukiwa namba, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nililisikia.

Lakini bomba la maji lilikuwa karibu na jiko. Na mpishi wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa na huruma kwa kila kijana aliyemwona na ndoo mkononi jioni. Alidhani ni mchapakazi, akampa ukoko. Ndugu zangu mliokula dona na maharage siku sita kwa juma mnajua ukoko wa wali wa Jumapili ulivyokuwa, na hata ukoko wa ugali siku nyingine haukudharauliwa. Basi nikawa mchapakazi. Kila jioni, saa ambayo wengine wamekwenda kuoga, nilijaza ndoo mbili, nikapita jikoni, nikapokea changu, nikaenda kumwaga maji yale mteremkoni, maana ningeyamwaga wapi pengine? Nilijiambia kwamba ua ni ua, na maji hayajapata kuua ua.

Siku ya kumi na mbili hivi majani ya chini yalianza kuwa ya njano na kama yanayopenyeza mwanga. Nikadhani ni kiu, nikaongeza ndoo ya tatu. Baada ya siku chache ukigusa shina lilibaki mkononi, laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mwalimu aliporudi hakukuwa na mkeka tena. Palikuwa na uji mweusi juu ya mawe, na harufu.

Alituita namba. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Nani alimwagilia?" Nilikuwa mstari wa tatu. Niliangalia viatu vyangu. Kimya kilipozidi, kiranja akapiga hatua mbele akasema, "Mwalimu, bustani ulinikabidhi mimi." Hakusema kwamba amemwagilia. Alisema alichokabidhiwa. Mwalimu alimtazama kwa muda, akamvua beji ya ukiranja, akampa majuma mawili ya kuponda kokoto. Nilimpelekea maji ya kunywa siku ya kwanza, na yeye akanishukuru. Sikumwambia.

Huyo ndiye aliyetarajiwa kuwa kiranja mkuu mwaka uliofuata. Hakuwa. Mimi nilimaliza, nikaendelea na masomo, nikasoma utawala Mlimani, nikaajiriwa. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma maelezo ya watumishi wanaotakiwa kujieleza kwa maandishi juu ya upotevu na uzembe. Nimesoma mengi. Naweza kumtambua mtu anayeangalia viatu vyake hata kwenye karatasi.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mimi nilifuata mwaka uliofuata. Uamuzi wa kuufanya mji ule kuwa makao makuu ulipitishwa tangu 1973, kwa hiyo hatuwezi kusema tulishtukizwa. Nilipata kiwanja chenye miamba. Mvua ya Dodoma kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Mke wangu alipanda majani ya ukoka, yakafa. Alipanda waridi, likawa kuni. Akaniuliza, "Baba Neema, huko shuleni kwenu mlifundishwa nini?" Ndipo nilipoukumbuka mteremko wetu.

Nilipata vipande sita kwa mtu anayeuza miche kando ya barabara. Leo nina mkeka wa mita nane kwa tatu juu ya mawe matupu. Nimeyajaribu mambo haya kwa miaka kadhaa, nimepoteza miche na kupata mingine, kwa hiyo ninayowaambia sasa si ya kitabuni tu.

La kwanza ni mahali. Ua-mkeka linataka jua tangu asubuhi, si chini ya saa sita kwa siku. Kivulini litaishi, litarefuka shingo, na halitachanua. Lipande upande wa mteremko au juu ya tuta, pasiposimama maji. Na kabla ya kupanda ng'oa ndago zote na vibonge vyake, maana zikitangulia ndani ya mkeka hutazitoa tena bila kuuharibu.

La pili ni udongo. Mimi huchanganya madebe mawili ya mchanga mnene wa mto na kokoto ndogo kwa debe moja la udongo wa kawaida, na nusu debe la mboji iliyooza sawasawa. Samadi mbichi usiweke. Mbolea ya chumvichumvi nayo haina haja. Mmea ukishiba sana hunenepa majani, ukasahau maua. Ukitaka kujua kama udongo wako unafaa, chimba shimo la kina cha dhiraa moja, lijaze maji, uende ukanywe chai. Ukirudi ukayakuta maji bado yamo, ongeza kokoto.

La tatu ni miche. Mbegu zipo, lakini ni ndogo kama vumbi. Ukizitumia zinyunyize juu ya mchanga uliolowa bila kuzifukia, kwa kuwa zinahitaji mwanga. Njia nyepesi ni vipande. Kata ncha za shina zenye urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, kisha viweke kivulini siku moja au mbili hadi kidonda kikauke. Watu wengi hukosea hapa. Huona kipande kinasinyaa, wakakihurumia, wakakichomeka kibichi. Kidonda kibichi kwenye udongo wenye unyevu huoza. Kikishakauka kichomeke, pishana sentimita 30, na baada ya majuma mawili au matatu kitakuwa na mizizi. Kisha tandaza kokoto ndogo kuzunguka shingo ya mmea, unene wa vidole viwili, ili majani yasilale juu ya udongo wenye unyevu.

La nne ni maji, na hili naliweka peke yake. Mche mchanga upe maji kidogo kila udongo unapokauka, kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo mwachie. Kule Dodoma, wakati wa kiangazi, mimi humwagilia mara moja kila baada ya siku kumi hivi. Hapa shuleni wakati wa mvua ni marufuku, na wakati wa kiangazi mara mbili kwa mwezi zinatosha. Mmea wenyewe utakuambia. Jani likikunjamana kama ngozi ya kidole cha mfuaji nguo, ni kiu. Likipata maji hurudi usiku mmoja. Jani likiwa la njano, laini, lenye kupenyeza mwanga, maji yamezidi. Kiu husamehe. Kuoza hakusamehi.

Kwa nini mmea huu uweze kukaa na kiu namna hiyo? Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa vitundu hivyo hivyo hupoteza maji juani. Mimea mingi ya jamaa hii ina desturi nyingine. Jua likiwa kali hufunga milango mchana na kuifungua usiku, wakati wa ubaridi. Hewa ya ukaa iliyoingia usiku huhifadhiwa ndani ya jani kama asidi, na mchana, milango ikiwa imefungwa, mmea huitumia pamoja na mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Hata baridi huivumilia. Huko Denver, Marekani, ambako theluji huanguka kila mwaka, mimea hii hupandwa kwenye bustani za mawe ikaishi, mradi mizizi isikae majini. Kinachoiua si baridi wala ukame, bali wema wa mtu mwenye ndoo.

La tano ni matunzo madogo. Tazama vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba vinavyojificha penye maungio ya majani. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na usingoje vizae. Maua yakipita, punguza kingo kwa mkasi. Baada ya miaka mitatu au minne katikati ya mkeka hubaki miti mitupu. Ng'oa sehemu hiyo, chomeka vipande vipya, mkeka utajifunga. Tena usiukanyage. Si ukoka wa kuchezea mpira.

Niongeze maonyo mawili, ili asiwepo atakayesema kwamba nilisifu bidhaa yangu tu. Onyo la kwanza, mizizi ya ua-mkeka ni mifupi. Inashika udongo wa juu usirushwe na matone ya mvua, lakini haiwezi kuzuia korongo. Kazi hiyo ni ya makinga maji na mawe. Atakayepanda maua bila kuchimba makinga atayakuta maua yake mtoni. Onyo la pili, kila mtambaao usiuamini kwa sababu una maua. Yuko jamaa mkubwa wa mmea huu, Carpobrotus, aliyepelekwa California akapandwa kando ya reli na barabara ili azuie mmomonyoko. Alitambaa hadi kwenye fukwe na kuifukuza mimea ya wenyeji, na leo wanahangaika kumng'oa. Basi ua-mkeka nalo lipande ndani ya mipaka ya bustani, na vipande unavyopunguza usivitupe porini.

Sasa nirudi kwenye jina, mbegu isiyofichwa.

Ua likikauka huacha kitunda kidogo, kigumu, kilichofungwa. Kwenye kiangazi unaweza kukifinya usione kitu. Lakini kidondoshee tone la maji, nawe utaona kwa macho yako kwamba milango yake mitano inafunguka yenyewe, taratibu, ndani ya dakika chache, kama ua jipya. Mbegu zipo pale wazi, na tone la mvua linalofuata huzirusha. Kikikauka, hujifunga tena. Kitunda hicho kimekufa. Hakina uhai wowote wa kukisukuma. Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walitoa maelezo ya jinsi kinavyofanya kazi, wakitumia mmea wa ukoo huu huu unaobeba jina la mji wa jirani zetu, Delosperma nakurense, yaani wa Nakuru. Waliona kwamba kwenye bawaba za milango kuna seli zilizopangwa kama sega la nyuki, na ndani ya kila seli kuna utando unaonyonya maji ukavimba. Seli zikijaa, sega hunyooka kwa upande mmoja, na mlango husukumwa wazi. Wanafunzi wa sayansi, jaribuni wenyewe. Hakuna maabara inayohitajika zaidi ya kitunda, kijiti na tone.

Nilipokiona kitunda hicho kikifunguka kibarazani kwangu, binti yangu akiwa amekishika, aliniuliza, "Baba, nani alikufundisha?" Nikamtaja Mwalimu. Akauliza, "Naye anajua kwamba umepanda ya kwako?" Mwalimu alikwisha fariki mwaka 2009. Nilihudhuria mazishi yake, nikasimama nyuma.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi yangu niliyamwaga kwa ndoo. Lakini kiranja yuko hai. Mwezi uliopita nilimpigia simu. Baada ya salamu za nyumbani na watoto nilimwambia yote, ukoko na ndoo ya tatu na viatu. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani labda sikulieleza agizo vizuri." Ndugu zangu, miaka thelathini mtu mwaminifu amejilaumu kwa kosa ambalo mimi nililila kama ukoko. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nilimwomba radhi. Hakunijibu kwamba si kitu, kwa kuwa si kweli kwamba si kitu. Aliniuliza, "Mbona ulingoja miaka yote hii?" Sikuwa na jibu wakati ule, na sina jibu zuri leo. Niliogopa kwanza kupoteza ukoko, halafu beji, halafu rafiki, halafu heshima ya cheo changu. Kila mwaka kilikuwapo kitu kipya cha kuogopa kukipoteza, na kila mwaka gharama ilikwenda kwake.

Nilimwuliza kama naruhusiwa kulisema hili hapa leo. Alisema, "Sema, lakini uniwekee vipande." Yupo humu ndani. Hakutaka nimtaje jina na sitamtaja. Waliosoma naye wanamjua. Ninachotaka kijulikane na walimu na wote waliokuwapo namba siku ile ni kwamba agizo alilieleza, alilieleza vizuri, na mimi nililisikia.

Ndugu Mkuu wa Shule, leo asubuhi nimetembelea mteremko. Mawe mengi bado yapo mahali pake, jambo linaloonyesha kwamba yalizikwa theluthi. Makinga maji yamejaa udongo, na mfereji umeanza tena kuelekea bweni. Nimekuja na masanduku manne ya vipande kutoka Dodoma, vimekwisha kukaushwa siku mbili. Kwa idhini yako, na kwa nguvu za hawa vijana, napendekeza tufanye kazi kwa utaratibu huu: makinga yachimbuliwe kwanza, mawe yaliyolegea yapangwe upya, kokoto zijazwe, na mwisho kabisa vipande vichomekwe. Kiranja wetu amekubali kuchomeka kipande cha kwanza. Mimi nitabeba mawe. Nadhani bado yapo machache ninayodaiwa. Wenzangu wa miaka ile watakaojisikia kuwa na deni wanakaribishwa, ila wasivue makoti kabla ya kupima migongo yao.

Wadogo zangu, nina neno moja kwenu. Mtakabidhiwa vitu, vingine vidogo kama bustani, vingine vikubwa. Mkiharibu, na mtaharibu, semeni siku ile ile, wakati gharama bado ni majuma mawili ya kuponda kokoto. Siku hiyo ni nafuu. Haitakuwa nafuu hivyo tena.

Na huyo atakayekabidhiwa mteremko wetu kuanzia leo, nampa agizo lile lile la Mwalimu, mbele ya watu wote, kwa sauti: wakati wa mvua, hata kopo moja.